Tathmini ya tetemeko iulize tunaishije

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Kila tetemeko la ardhi linapotokea, popote duniani, nasoma habari zake hadi mstari wa mwisho, kwa sababu nami yamenikuta. Habari huwa na mpangilio ule ule: ukubwa wa tetemeko, waliokufa, majeruhi, nyumba zilizoanguka, nyumba zilizopata nyufa. Kisha viongozi wanatembelea, misaada inapokelewa mbele ya kamera, na baada ya wiki chache habari inahamia kwingine. Sina ugomvi na takwimu hizo. Waliokufa lazima wahesabiwe, na wahesabiwe kwa heshima. Ombi langu ni kwamba wanaofanya tathmini, pamoja na nyinyi mnaoiandika, muulize pia kaya zinaishije: zinalala wapi, zinapika wapi, zinajisaidia wapi, na zinapata riziki kwa chombo gani. Sisi hatukuulizwa, na yaliyotupata kwa kutoulizwa ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Mimi ni fundi cherehani. Tetemeko lilipotupata nilikuwa mpangaji wa vyumba viwili vya nyuma katika nyumba ya wapangaji wengi, nikiwa na wanangu na mama mkwe wangu ambaye miguu yake haimbebi sawasawa. Chumba kimoja tulilala, kingine kilikuwa ofisi yangu: cherehani, meza ya kukatia, pasi, na kamba ya kutundikia nguo za wateja. Nyumba haikuanguka. Kwa hiyo kwenye orodha ya kwanza ya walioathirika hatukuwamo.

Lakini ilipasuka. Ufa ulianzia kona ya juu ya dirisha la chumba cha kushonea, ukapanda kwa mshazari hadi darini, na ncha ya kidole changu ilikuwa inaingia. Mafundi wamenieleza baadaye kwamba ndivyo kuta za tofali zinavyopasuka. Dirisha na mlango ni matundu ukutani, nguvu ya mtikisiko hukusanyika kwenye kona za matundu hayo, na pasipo mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima kuzifunga kuta zote pamoja, kila ukuta hutikisika kivyake hadi pembe zinaachana. Kwetu zege hilo lilikuwa vipande vipande, juu ya madirisha tu. Fremu ya mlango nayo ilipinda, mlango ukawa haufiki kwenye kitasa. Tangu siku hiyo sikuwa na chumba cha kufunga kwa ufunguo, na mali za watu zilikuwa humo.

Mkaguzi wa majengo alipopita alichora vistari viwili vya penseli, kimoja kila upande wa ufa, akaandika tarehe pembeni. Akaniambia, "Mama, ukiona hivi vinazidi kuachana, hamisha watu." Nilimshukuru, maana hata hiyo ni elimu. Hakuuliza tuko wangapi. Hakuuliza habari za bibi aliyekuwa ameketi kwenye mkeka uani. Aliuliza jina la mwenye nyumba, akaliandika, akaenda zake. Siku chache baadaye mwenye nyumba akaja na fundi na ndoo ya mchanga na saruji. Wakapiga lipu juu ya ufa, juu ya vistari vya penseli na tarehe yake, wakapaka chokaa. Mwisho wa mwezi akadai kodi kamili, kwa hoja kwamba nyumba imeshatengenezwa.

Lipu haishiki ukuta uliopasuka, Mhariri. Inauficha. Mtu akinunua au akipanga nyumba ile leo hataona chochote, na tetemeko jingine likija ukuta utaachia pale pale.

Katika nchi nyingi ukaguzi hufanywa kwa karatasi za rangi zinazobandikwa mlangoni, utaratibu ulioandaliwa California mwaka 1989 na uliotumika pia New Zealand na Nepal. Kijani, ingia. Nyekundu, usikanyage. Njano ni ya katikati: unaruhusiwa kuingia kwa muda mfupi, au kutumia sehemu fulani tu. Ni utaratibu mzuri, nao umeokoa watu. Ila naomba wataalamu waitazame njano kwa macho ya anayeishi humo. Mwenye nyumba nyekundu anaandikwa, anapewa hema, anajua moja. Wa kijani anarudi kitandani kwake. Wa njano hapewi hema kwa sababu nyumba ipo, na halali ndani kwa sababu nyumba haiaminiki. Kuingia kwa muda mfupi, kwa kijana, ni kuchomoka na godoro na sufuria. Kwa mama mkwe wangu muda huo mfupi unaishia kizingitini.

Wapo majirani waliotuambia kwamba kulala nje ni woga wa wanawake. Yaliyotokea kwingine hayawaungi mkono. Huko Kumamoto, Japani, tetemeko lilipiga usiku wa Aprili 14, 2016. Watu wakatazama nyumba zao, wengine wakarudi kulala ndani, na usiku wa kuamkia Aprili 16 likaja jingine, kubwa kuliko lile la kwanza. Nepal ilipigwa Aprili 25, 2015 na tetemeko la ukubwa wa 7.8, halafu Mei 12 likaja la 7.3 likaangusha nyumba zilizokuwa zimebaki zimesimama na nyufa zao. Uturuki, Februari 6, 2023, la kwanza lilikuwa saa 10:17 alfajiri, na mchana wa siku hiyo hiyo likafuata la 7.5 wakati waokoaji wako juu ya vifusi. Mitetemo inayofuata tetemeko kubwa hupungua kadiri siku zinavyokwenda, hilo linajulikana. Lakini hakuna mtaalamu anayeweza kukuambia ni upi utakuwa wa mwisho, wala upi utakuwa mkubwa. Mama mwenye watoto anayeitandika mikeka uani anafanya uamuzi wa busara, na anastahili turubai.

Hata ule ukubwa wa tetemeko tunaoutangaza kwa mkazo hausemi mengi kuhusu maisha ya watu. Karibu na mji wa Christchurch, New Zealand, tetemeko la 7.1 lilitokea Septemba 2010 na hakuna aliyefukiwa. Februari 22, 2011 likaja jingine dogo kuliko hilo, lenye ukubwa wa zaidi kidogo ya 6, saa saba kasoro mchana, karibu kabisa na mji na si mbali chini ya ardhi. Liliua watu 185. Udongo wenye maji ulilainika ukabubujika matope, mabomba ya majitaka yakakatika chini ya barabara, na maelfu ya kaya ambazo kuta zake zilikuwa bado imara zikaishi miezi kadhaa kwa vyoo vya kuhamishika vilivyopangwa mitaani. Nimetaja vyoo makusudi, kwa sababu ndiko ninakotaka kukaa kidogo.

Choo chetu kilikuwa cha shimo, nyuma ya nyumba. Shimo lilibaki, kuta zake za tofali zikalala chini. Wanaume wa nyumba ile walizungushia magunia, na kwa vijana na watoto hiyo ilitosha. Mama mkwe alikuwa amezoea kushika ukuta kwa mkono mmoja anapochuchumaa. Sasa hapakuwa na cha kushika. Alihitaji mtu wa kumshikilia, usiku, mbele ya gunia linalopeperushwa na upepo, na wapangaji wengine wakisubiri zamu. Hakulalamika. Aliacha tu kunywa maji kuanzia alasiri. Nilipokuwa nampa kikombe alikuwa anasema ameshakunywa, na mimi nilikuwa na mengi ya kushughulikia, nikaamini. Baada ya muda akaanza homa, akaanza kuchanganya majina ya wajukuu. Hospitali wakasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, yamechangiwa na upungufu wa maji mwilini, na shinikizo la damu limepanda kwa sababu vidonge vyake alivimeza siku moja na kuviruka siku nyingine. Vidonge vilikuwa kwenye droo, ndani ya nyumba yenye ufa, na kijana wangu alikuwa anakimbia kuvichukua pale tu tulipopata ujasiri wa kumruhusu.

Ukuta wa choo, futi chache za tofali. Hakuna fomu ya tathmini niliyoiona yenye nafasi ya kuandika mambo hayo. Kwenye fomu ya kwetu, nyumba ilikuwa na "uharibifu mdogo".

Japani wamelipatia jambo hili jibu ambalo naona kila nchi ingeliiga. Pale Kumamoto waliokufa kwa kuangukiwa na kufukiwa walikuwa kama 50. Waliokufa baadaye, kwa magonjwa yaliyozidi, uchovu wa kwenye makazi ya muda na damu kuganda mwilini kwa wale waliolala kwenye magari yao, walipita 200. Vifo hivyo vinakaguliwa, vinatambuliwa rasmi kuwa ni vya tetemeko, na familia inapewa mkono wa rambirambi na serikali. Maana yake ni kwamba dola imekubali kuwa tetemeko linaendelea kuua baada ya ardhi kutulia, kupitia namna watu wanavyolala, wanavyokula na wanavyojisaidia. Hesabu ikishakubali hivyo, hata misaada inabadilika. Anayejua kwamba kulala kwenye kiti cha gari kunaua ataleta vitanda.

Maisha ya chini ya turubai yana mambo ambayo mwandishi anayekuja mchana hawezi kuyaona. Mchana kuna joto la kukaanga, watu wanakaa nje ya turubai kuliko ndani. Usiku jasho la pumzi zenu linatona kutoka juu na blanketi linaamka limelowa. Ukiwasha taa ndani, kivuli chako kinaonekana chote kwa nje, kwa hiyo wanawake na wasichana wanabadili nguo gizani. Kuoga ni kabla ya alfajiri, kwa ndoo, mmoja akiwa amesimama na kanga amezungusha. Mume na mke hawawezi kuzungumza jambo la nyumbani bila mtaa mzima kulisikia, na nimeona ndoa zikiyumba kwa hilo tu. Wanangu walilala na viatu miguuni kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani ingehitajika, na mdogo alikuwa anatazama maji kwenye ndoo kila mara aone kama yanatikisika. Moto wa kupikia uko wazi kwa upepo na mvua, kuni zinaisha mara mbili ya kawaida, na mpishi anaumwa kifua.

Wanaokaa nyumbani ndio tetemeko linaowakuta, na ndio linaowabebesha mzigo baadaye. Katika matetemeko ya Herat, Afghanistan, Oktoba 2023, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilisema zaidi ya asilimia 90 ya waliokufa walikuwa wanawake na watoto, kwa sababu ilikuwa mchana na wao ndio waliokuwa ndani ya nyumba za udongo. Saa na siku zina uzito wake. Nepal ilikuwa Jumamosi karibu saa sita mchana, maelfu ya madarasa yakaanguka yakiwa hayana mtoto. Kagera, Septemba 10, 2016, ilikuwa Jumamosi pia, saa 9:27 alasiri, ukubwa wa 5.9, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa hadi zikafungwa kwa muda. Namshukuru Mungu kwa Jumamosi hizo mbili. Lakini shule ikifungwa, mtoto yuko nyumbani kwenye nyumba yenye ufa, na mtu wa kumwangalia ni yule yule anayebeba maji kutoka mbali kwa sababu bomba limekatika, anayemshikilia bibi chooni, na aliyetakiwa awe kwenye cherehani.

Nalo cherehani nililitoa uani, nikalifunika kwa nailoni. Kwa wengi wetu nyumba ndiyo karakana, ndiyo ghala, ndiyo duka. Ikitikisika, riziki inatikisika saa ile ile. Vumbi la lipu liliingia kwenye mashine, umande ukafuata, mkanda ukalegea na sindano ikaanza kuruka mshono. Nguo za harusi ya mteja mmoja zililowa na rangi ikahama kutoka kitambaa kimoja hadi kingine. Nililipa, kwa sababu jina la fundi ndilo linalomletea mteja wa kesho. Nililipa kwa fedha nilizokuwa nimetenga kwa ajili ya marejesho ya kikundi, na kikundi nacho kilikuwa na wanachama wengi kama mimi, kwa hiyo kikakwama chote. Kijijini Nepal jambo hilo hilo lilikuja kwa sura ya mbegu: akiba ya mbegu ilifukiwa chini ya nyumba wiki chache kabla ya msimu wa kupanda mpunga, na mkulima aliyenusurika akiwa mzima akawa hana cha kutia shambani. Mtathmini akiuliza tu "ukuta umeanguka?", atapata jibu la ukuta. Akiuliza "unaishi kwa kazi gani, na chombo chako cha kazi kiko wapi sasa?", atajua kaya hiyo itakuwa na njaa mwezi ujao au la.

Nikija kwenye kujenga upya, ninaona nchi zimejifunza mengi, na ningependa magazeti yetu yayaeleze hayo kwa kirefu. Morocco ilipopigwa na tetemeko la 6.8 usiku wa Septemba 8, 2023, serikali ilitangaza dirham 140,000 kwa nyumba iliyoanguka kabisa na 80,000 kwa iliyoharibika kiasi. Pamoja na hizo ikatangaza dirham 2,500 kila mwezi kwa kaya kwa muda wa mwaka mmoja. Hiyo ya mwezi ndiyo iliyonigusa. Mtu anayejenga lazima ale wakati anajenga, na asipopewa cha kula atakula saruji, maana atauza mifuko aliyopewa. Huko Pakistan, baada ya tetemeko la Oktoba 8, 2005 lililoacha watu wanaokadiriwa kuwa milioni 3.5 bila makao huku majira ya baridi yakikaribia, kaya nyingi za milimani zilipewa mabati na zana, zikachomoa mbao na mawe kwenye vifusi vyao wenyewe na kujijengea kibanda cha kuvushia baridi. Hema linachanika baada ya msimu. Bati linahama na mwenyewe hadi kwenye nyumba ya kudumu. Kama mtu anayetoa msaada anasoma barua hii, nampa ushauri wa aliyeishi huko: lete mabati, misumari, nyundo na kamba pamoja na hilo hema.

Nepal walitoa rupia 300,000 kwa kila kaya iliyopoteza nyumba, kwa awamu tatu, na kila awamu ilitolewa baada ya mhandisi kukagua kama msingi, mikanda ya zege na kuta zinafuata kanuni za kuhimili matetemeko. Naunga mkono ukaguzi huo kwa moyo wote. Ndio unaozuia yale ya lipu juu ya ufa. Lakini fedha zile hazikutosha kujenga nyumba nzima, wengi wakakopa kwa riba kubwa, na wengine wakajenga chumba kimoja kidogo ili tu wakidhi masharti wasikose awamu inayofuata. Kaya ya watu saba inaingiaje kwenye chumba kimoja? Walibaki wanapika na kufugia kwenye banda la muda au kwenye mabaki ya nyumba ya zamani. Na asiye na hati ya kiwanja alihangaika zaidi kuliko wote, kwa sababu mlango wa msaada ulifunguliwa kwa hati.

Hapo ndipo tulipo wapangaji, tena tunasimama nyuma ya hao. Mwenye nyumba ana ukuta wa kuonyesha. Mpangaji ana nini? Akifukuzwa ili nyumba ikarabatiwe, hakuna karatasi inayosema atarudi, wala kwa kodi gani. Nyumba nzima za kupanga zinapungua baada ya tetemeko na wanaozitafuta wanaongezeka, kwa hiyo kodi inapanda wakati ule ule kipato kimeshuka. Sisi tulihama. Tuliondoka tukaacha wateja, shule, zahanati yenye faili la mama mkwe, na majirani waliokuwa wanajua kumwinua bila kumuumiza. Kwenye takwimu za urejeshaji nyumba yetu ya zamani imeandikwa kwamba imekarabatiwa na ina wakazi. Ni kweli, ina wakazi. Ni wengine.

Kuhusu majirani, wahusika wa makazi ya muda wangesoma yaliyotokea Kobe. Tetemeko la Januari 17, 1995 lilipiga saa 11:46 alfajiri, likaua zaidi ya watu 6,400. Nyumba za muda ziligawiwa kwa bahati nasibu, wazee na walemavu wakapewa kipaumbele. Nia ilikuwa njema kabisa. Matokeo yake wazee walitenganishwa na mitaa waliyoishi miaka yote, wakawekwa bega kwa bega na wasiowajua, na katika miaka iliyofuata zaidi ya 200 walikufa peke yao ndani ya vyumba hivyo, wengine bila mtu kugundua kwa siku kadhaa. Tetemeko lilipotokea Niigata mwaka 2004, wakuu wa huko walihamisha watu kwa vijiji, jirani akapangwa na jirani yake. Hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mtu wa kuuliza, kabla ya kugawa namba za vyumba, "Mlikuwa mnaishi na nani?"

Na huo ugawaji wa vyumba unadumu kuliko unavyotangazwa. Kule Uturuki walionusurika walipewa makontena ya mita 7 kwa 3, familia nzima humo na jiko lake na choo chake. Miaka miwili baadaye mamia ya maelfu ya watu walikuwa bado wanaishi kwenye makontena. Mtoto aliyeingia humo akitambaa ameanza kusoma humo. Kwa hiyo nyumba ya muda ipangwe kwa kujua kwamba mtu atazaa, atauguza na ataomboleza ndani yake.

Ninayoyaomba yanawezekana hata pale ambapo fedha ni chache. Mkaguzi wa majengo aende na mtu wa pili asiye mhandisi, mwenye daftari. Wakati mmoja anatazama ukuta, mwingine aulize: mmelala wapi jana, ni wangapi, nani hapa hawezi kukimbia, nani anatumia dawa za kila siku, maji mnachota wapi, choo kikoje, mnaishi kwa kazi gani, vyeti na kadi za kliniki viko wapi, na nani kati yenu ni mpangaji. Daftari hilo lifunguliwe tena mvua zikianza, na tena baada ya mwaka, kwa majina yale yale, hata kama yamehama. Nyumba ya njano ihesabiwe kuwa nyumba isiyolalika hadi itakapotengenezwa, na anayeishi humo apewe turubai na mabati kama wengine. Mwenye nyumba asiruhusiwe kudai kodi ya chumba ambacho mkaguzi amesema watu wasilale. Na kabla ya lipu kupigwa juu ya ufa wowote, mkaguzi aje auone ulivyofungwa.

Kwako Mhariri nina ombi moja la kazi yako. Habari ya tetemeko ikiisha, mwandishi aliyekwenda aandike kwenye shajara yake tarehe ya kurudi, miezi sita mbele, halafu mwaka, halafu miaka mitatu, na mhariri wake amkumbushe. Akifika asianzie kwa mwenye nyumba wala kwenye jengo lililokatiwa utepe. Apite vyumba vya nyuma, na ambao hawapo tena aulize wamehamia wapi, awafuate huko.

Msomaji wako,
Fundi cherehani